Maganda ya Ujiji, maji ya Dodoma: shajara ya kuzalisha samaki wa kwenye konokono

Februari 11

Tangi limefika. Fundi wa vioo amelileta kwa kirikuu, limezungushiwa godoro kuukuu: urefu sentimita 80, upana 35, kimo 40, kioo cha milimita 6. Likijaa hadi ukingoni ni lita 112, lakini ukitoa mchanga na nafasi ya juu nitabaki na kama lita 90. Leo linalala uani limejaa maji, nione kama silikoni inavuja.

Niandike sababu kabla kazi haijanimeza. Mimi ni mtoto wa Ujiji. Ziwa Tanganyika tulilijua kwa chakula: dagaa walioanikwa, migebuka ya kukaanga, kuhe akija mgeni. Maganda ya konokono yaliyosukumwa ufukoni na mawimbi tuliyachezea, tukiyapanga mistari mistari kama nyumba za mtaa. Nimefika utu uzima ndipo nikajua kwamba kule chini ni nyumba kweli. Konokono mwenyewe anaitwa Neothauma tanganyicense, na hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye ziwa letu. Akifa, ganda lake haliozi upesi, kwa sababu maji yamejaa madini ya chokaa. Maganda yanalundikana karne baada ya karne, mpaka sehemu nyingine sakafu ya ziwa ni maganda matupu. Humo wanaishi samaki wadogo kuliko kidole changu cha kati. Wanalala humo, wanajificha humo, wanataga humo na kulea humo.

Watu wa Ulaya na Marekani wanawafuga sebuleni miaka mingi. Nataka binti yangu awaone hapa Dodoma, na nataka waliozaliwa humu ndani wawe wengi kuliko niliowaleta.

Februari 18

Mchanga. Nimeuchukua kwenye korongo lililokauka, nikauchekecha kwa chekecheo la dirishani, kisha nikauosha. Ndoo ya kwanza maji yalitoka mekundu kama chai ya rangi. Nilihesabu maji 14 ndipo mkono wangu ukaonekana chini ya ndoo. Nimeweka kina cha sentimita 7. Ni kingi kwa macho ya mtu aliyezoea matangi ya samaki wa kawaida, lakini aina ninayoitaka, Lamprologus ocellatus, haikai kwenye ganda lililolala juu ya mchanga. Inalizika. Bila kina cha kutosha hawatatulia.

Maganda ameniletea mjomba kwa mtu wa basi, 16 ndani ya kifuko cha unga. Nilimpigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umeona mzigo wako? Watu wananiuliza hapa ufukoni, huyu mzee anaokota takataka za nini."

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema wale visamaki anawajua. Utotoni wao walikuwa wakiibuka na ganda wanalitikisa, kisamaki kinadondoka, wanakifanya chambo cha ndoano. Jina hakunipa. "Sisi tunasema tu visamaki vya kwenye konokono."

Nimeyachemsha dakika 20, nikayasugua kwa mswaki wa zamani, nikayachemsha tena. Harufu ya maji ya kwanza ilijaa jikoni. Ganda moja lilikuwa na konokono aliyeozea ndani kabisa kwenye pindo, nimelitupa, maana kipande kama hicho kingeharibu maji yote. Yamebaki 15. Kila moja ni kama sentimita 4 hadi 5, zito, mdomo mpana, rangi ya kijivu kwa nje na kwa ndani laini kama kauri.

Machi 2

Maji. Hapa Dodoma tunayo bahati ambayo watu wengi wanailalamikia: maji ya bomba yanatoka visima vya Mzakwe na ni magumu. Birika langu lina ukoko mweupe unaokatika kwa kucha. Kwa samaki wa Tanganyika ukoko huo ni habari njema. Ziwa lina pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) kati ya 8.6 na 9.2 hivi, na bomba langu limepima 7.8 kwa zile dawa za matone. Naongeza nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia maandazi, kwa kila ndoo ya lita 20, na nimeweka vipande vya mawe ya chokaa nyuma ya chujio. Baada ya siku nne tangi limesimama kwenye 8.4. Sitalisukuma zaidi. Samaki wanavumilia namba iliyo pungufu kidogo kuliko namba inayopanda na kushuka kila wiki.

Maji mapya nayaacha kwenye ndoo siku mbili, pampu ya hewa ikibubujisha, ili klorini itoke.

Machi 30

Wiki tano hakuna samaki, kuna maji tu. Binti yangu ameacha kuuliza. Kila siku naweka punje chache za chakula zioze, vijidudu vya kwenye sponji ya chujio vizaliane. Amonia, sumu inayotokana na uozo, ilipanda, ikashuka. Naitraiti, sumu ambayo vijidudu wanaitengeneza kutokana na amonia, ikapanda, nayo ikashuka. Juzi na leo zote mbili ni sifuri.

Kwa yeyote atakayejaribu: hapa usiharakishe. Kwenye maji ya pH kubwa kama haya, sehemu kubwa ya amonia inakaa katika hali yake yenye sumu kali. Kiasi ambacho kwenye maji ya pH ndogo kingemchosha samaki, humu kinamuua.

Aprili 13

Wamefika saa nne usiku. Nimewanunua kwa mvuvi mwenye leseni ya samaki wa mapambo kule Kigoma. Aliwafungisha siku mbili bila chakula ili wasichafue maji njiani, akamweka kila mmoja kwenye mfuko wake wenye theluthi ya maji na theluthi mbili za oksijeni, mifuko ikapangwa kwenye boksi lenye maboya. Basi limetoka alfajiri. Sita. Watano wanahema vizuri, wa sita amelala ubavu.

Nimefungua mifuko kwenye mabeseni, nikawa nawadondoshea maji ya tangi kwa mpira mwembamba, tone kwa tone, saa mbili. Saa saba usiku nimewaachia gizani.

Aprili 14

Yule wa sita amekufa asubuhi. Watano wamejibanza pembeni kwenye kona, wamefifia, rangi ya mchanga. Sijawalisha.

Aprili 15

Mchana nimekaa mbele ya kioo tangu saa nane hadi adhana ya magharibi, na nimeyaona kwa macho yangu.

Mkubwa wao, kama sentimita 5, amechagua ganda la kushoto karibu na jiwe. Kwanza alilizunguka. Akaingia kichwa, akatoka, akaingia mkia kwanza mpaka yakabaki macho tu. Akatoka. Kisha akaanza kuchota. Anajaza mchanga mdomoni, anaogelea kipande kama urefu wa kiganja, anatema, anarudi. Nilihesabu safari 40 nikaacha. Alipochimba shimo upande mmoja, akashika mdomo wa ganda kwa meno yake, akalivuta na kulizungusha likainamia shimoni. Halafu likaja jambo ambalo sikulitarajia: alipiga mbizi kichwa chini kwenye mchanga na kutikisa mwili wote kwa nguvu, mchanga ukaruka nyuma na kulifunika ganda kama mtu anayerusha udongo kwa jembe. Jioni ganda halikuonekana tena. Kilichobaki ni tundu la mviringo, usawa wa mchanga, na ndani ya tundu macho mawili.

Macho yenyewe si mawili tu. Kwenye kifuniko cha shavu ana doa jeusi lililozungushiwa mstari wa dhahabu, kama jicho la ziada. Ndilo lililompa jina ocellatus, mwenye vijicho, tangu alipoelezwa kisayansi mwaka 1909.

Aprili 21

Maganda manne yamezikwa. Chakula wamekubali: viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye ndoo ninayoacha uani kwa makusudi (naichekecha kila siku ya tatu ili asitoke mbu hata mmoja), na dagaa wa Kigoma wasio na chumvi waliosagwa hadi unga.

Mei 5

Ugomvi. Madume ni mawili. Nimewatofautisha kwa ukingo wa pezi la mgongoni: madume wana ukingo wa rangi ya machungwa, majike mweupe safi. Dume kubwa limemsukuma mdogo hadi juu kabisa karibu na hita, mapezi yamechanika, na kila akishuka anafukuzwa. Kwenye ziwa angeogelea mita kumi na kuanza maisha mengine. Kwenye sentimita 80 hana pa kwenda. Nimemtoa leo hii hii, amekwenda kwa rafiki mwenye tangi la maji magumu asiye na dume wa aina hii.

Limebaki dume moja na majike matatu. Hivyo ndivyo wanavyoishi ziwani pia: dume analinda eneo, na ndani ya eneo lake kila jike ana ganda lake na kipande chake cha mchanga. Majike nao hawapendani. Nimeweka mawe mawili bapa kugawa tangi sehemu tatu ili wasitazamane kutwa.

Mei 26

Jike la kulia, ambalo binti yangu anamwita Bi. Mdogo, amebadilika. Ubavu una wekundu wa zambarau na tumbo limejaa. Saa tatu asubuhi alikuwa mbele ya tundu lake, mwili ameukunja kama herufi C, anatetemeka, dume akisogea naye anatetemeka. Akaingia ndani, akatoka, akaingia. Dume hakuingia kwenye ganda la jike. Alisimama juu ya tundu, akakaza mwili, akaondoka. Ikarudiwa hivyo labda mara ishirini.

Tangu saa sita jike hatoki. Linaonekana pezi la mkia likipepea polepole ndani ya tundu, kusukuma maji mapya kwenye mayai.

Mei 30

Nimefanya kosa na naliandika kama lilivyo. Nilitaka kujua kama kuna mayai kweli. Nikaingiza mkono, nikalichimbua ganda la jike la kati, lililokuwa limejificha siku mbili, nikaliinua kumulika kwa tochi. Jike alijibana pindoni, sikuona kitu. Nikalirudisha, lakini si kwa pembe ile ile. Tangu wakati huo jike amelikataa ganda hilo. Jioni nimekuta mayai yasiyopungua kumi yakizagaa kwenye mchanga, meupe ya kufa.

Nimeandika karatasi na kuibandika kwenye kioo: MKONO USIINGIE.

Juni 6

Wapo.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kuwasha taa, nilimulika tochi kwa pembeni kwenye tundu la Bi. Mdogo, mwanga nikiuziba kwa vidole. Ukingoni mwa ganda palikuwa na kitu kama punje za mchanga, lakini punje zenye macho. Zimekaa kwa kujipanga mduara, vichwa nje. Nilipohema kwenye kioo zote zikatoweka mara moja, kama zimefyonzwa. Nikangoja. Dakika nne. Ya kwanza ikarudi, kisha tatu, kisha mduara mzima.

Siku 11 tangu atage. Siku tatu za kwanza ni za mayai kuanguliwa, zilizobaki vifaranga wanaishi kwa kiini cha yai walichobeba tumboni, ndani kabisa gizani. Wakionekana mlangoni maana yake kiini kimekwisha, na kuanzia leo chakula ni juu yangu.

Nimemwamsha binti yangu. Amehesabu 22, mimi 25.

Juni 15

Nimepoteza zaidi ya nusu yao, na sababu ni kiini cha yai la kuku.

Mayai ya artemia, vijikamba vya maji ya chumvi vya kulishia vifaranga, niliyoagiza yalichelewa. Nikakumbuka ushauri wa zamani: chemsha yai, saga kiini kwenye maji, dondosha. Vifaranga walikula, matumbo yalionekana ya njano, nikafurahi nikaongeza. Kumbe kile wasichokula kilizama kwenye mchanga, na sehemu nyingine iliingia ndani ya ganda lenyewe ambako maji hayapiti. Siku ya tatu maji yalikuwa na ukungu. Amonia 0.5. Kwa pH hii hiyo si namba ya kuitazama na kusubiri kesho. Nilibadilisha lita 30 asubuhi na lita 20 jioni, kwa maji ya joto lile lile, polepole kwa mpira. Waliobaki ni 9.

Kiini cha yai hakitaingia tena kwenye tangi hili. Artemia wakiwa hawajafika, ningefanya tangu mwanzo ninachofanya sasa: nimeanzisha minyoo midogo ya kufuga kwenye uji mzito wa mahindi wenye chembe za hamira, kwenye kopo la siagi lenye matundu. Baada ya siku sita wanapanda kwenye kuta za kopo kama ukungu unaotembea. Unawafuta kwa kidole, unasuuza kidole kwenye tangi, basi. Asiyeliwa anaishi majini saa kadhaa bila kuoza.

Juni 23

Artemia wamefika. Chupa ya maji ya lita moja na nusu nimeikata kitako, nimeigeuza mdomo chini, maji lita moja yenye gramu 25 za chumvi, pampu ya hewa kutoka chini, taa ya mezani kwa joto. Baada ya saa 30 nikazima hewa dakika kumi: maganda ya mayai yakapanda juu, artemia wenyewe wakashuka kama wingu la rangi ya machungwa. Nawafyonza kwa mpira, nawachuja kwenye kitambaa cha leso, nawasuuza kwa maji baridi ili chumvi isiingie tangini.

Vifaranga 9 wamebadilika tabia siku hiyo hiyo. Walikuwa wakisubiri chakula kipite mbele ya mlango. Sasa wanatoka sentimita mbili, wanapiga, wanarudi. Matumbo ya rangi ya machungwa.

Julai 9

Usiku wa jana umeme ulikatika saa tano na kurudi saa kumi na mbili na nusu. Dodoma mwezi huu ni baridi ya kuvaa sweta ndani ya nyumba. Tangi lilikuwa nyuzi 26.

Niliamka kwa ukimya. Pampu ya hewa ina mlio ambao hauusikii mpaka unyamaze. Nimelizungushia tangi blanketi mbili na kitenge juu, nikaacha upande mmoja wazi wa kuchotea. Hewa: kikombe. Unachota, unanyanyua kama kipimo cha mkono, unamimina kwa mkondo mwembamba ili maji yapige maji. Dakika tano, unapumzika dakika kumi. Nilichemsha maji kwa mkaa, nikajaza chupa mbili, nikazifunga sana na kuzielea. Kila nusu saa nikabadilisha. Binti yangu aliamka saa tisa akachukua kikombe bila kuulizwa, tukapokezana.

Asubuhi kipimajoto kilisoma 22. Umeme uliporudi sikuiacha hita ipandishe kwa pupa, niliiwasha na kuizima ili joto lipande nyuzi moja kwa saa. Vifaranga wote 9 wako hai. Jike la kushoto amepoteza mayai aliyokuwa nayo, ameyatoa nje yakiwa meupe.

Nimenunua pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Ilipaswa kuwepo kabla ya samaki.

Julai 28

Bi. Mdogo ametaga tena, na mama yule yule aliyekuwa akisimama mbele ya mlango na kunifukuzia kidole changu nyuma ya kioo, leo anawafukuza wanawe. Vifaranga wana kama sentimita moja. Kila akiingia mmoja ganda la nyumbani, mama anamtoa kwa kumsukuma kwa kichwa, mara ya tatu anamng'ata mkia.

Ndugu zao wadogo zaidi wa upande wa kusini mwa ziwa, Neolamprologus multifasciatus, hawana tabia hii. Wale wanakaa ukoo mzima pamoja, wakubwa na wadogo, kila mwaka maganda yanajaa. Ocellatus hana nafasi ya wawili. Kwa hiyo nimewatayarishia tangi la lita 40, maji kutoka tangi kubwa, sponji iliyokuwa ikielea kwenye tangi kubwa wiki sita ili vijidudu viwepo tayari. Nimewanasa 8 kwa kuwavizia kwa glasi pana, si kwa wavu. Wa tisa alijificha ndani ya ganda tupu. Nimelitoa ganda na kuliegemeza kwenye beseni juu ya vijiwe, mdomo ukitazama chini na maji yakiwa chini yake kidogo. Maji ya ndani yanachuruzika, na samaki akiona yanaisha anateremka mwenyewe. Dakika tatu. Ndiyo njia pekee ninayoiamini. Kutikisa kunavunja mapezi.

Agosti 8

Uzao wa pili wa Bi. Mdogo umetokeza mlangoni leo. Sikuingiza mkono, sikumulika zaidi ya mara moja kwa siku. Artemia asubuhi na jioni, minyoo mchana kwa kidole. Maji lita 10 kila siku ya pili.

Agosti 17

Nimehesabu 31, na wote wanakula. Tofauti na mara ya kwanza ni chakula hai na mikono yangu kukaa nje.

Watoto wa jirani wamekuja baada ya madrasa. Niliwaambia wakae chini, wasipige kioo, wasubiri. Wakubwa walichoka. Kadogo mmoja wa miaka sita alikaa saa nzima, halafu akaniuliza: "Akikua ganda likimbana je?" Swali zuri kabisa. Nikamweleza kwamba ziwani yupo samaki mwingine, Lamprologus callipterus, ambaye dume wake ni mkubwa mno kuingia kwenye ganda lolote, zaidi ya mara kumi uzito wa jike. Huyo anabeba maganda kwa mdomo, moja moja, anayakusanya kwenye himaya yake, na majike wanakuja kuishi humo. Dume akilikuta ganda zuri kwa jirani anamwibia, wakati mwingine na jike akiwa ndani. Kale katoto kakataka kujua kama jike analia.

Septemba 14

Nimezungumza na mjomba kwa muda mrefu leo. Nilimtumia video ya vifaranga mlangoni. Ameiangalia mara nyingi, amewaonyesha wenzake.

"Hawa ndio tuliokuwa tunawafanya chambo?"

"Ndio hao hao, mjomba."

"Sikujua kama wanalea hivi."

Akaniambia pale tulipokuwa tukiokota maganda sasa kuna tope baada ya mvua. Vilima vya juu vimelimwa hadi kileleni, miti imeisha, na kila masika mto unaleta udongo mwekundu ziwani. Udongo ukitua kwenye maganda unayajaza, na ganda lililojaa tope halina mlango. Hili linaniuma kuliko nilivyotarajia. Konokono anajenga ganda moja kwa maisha yake yote, na samaki anayeishi humo hawezi kuchimba tope la kilima kizima kwa mdomo.

Nimemwomba asiniokotee tena maganda yaliyo majini, hata yakiwa mengi. Yale tu ambayo wimbi limeyatupa juu kwenye mchanga mkavu.

Septemba 29

Tangi la lita 40: uzao wa kwanza 9, sentimita 2 sasa, doa la shavuni linaanza kupata dhahabu. Tangi kubwa: uzao wa pili 28. Jike la kushoto naye ana vifaranga, sijawahesabu. Jike la kati bado hajarudi kutaga tangu nilipomfukua mwezi Mei, ingawa amezika ganda jipya wiki iliyopita.

Oktoba 19

Niliweka maganda manne kwenye tangi dogo wiki mbili zilizopita, juu juu, bila kuyafukia. Vijana waliyatumia kujificha nikiwapita karibu, basi.

Leo jioni mmoja wao, kama sentimita 2 na nusu, ameanza kuchota mchanga. Mdomo wake ni mdogo kiasi kwamba kila safari anabeba punje chache, unaweza kuzihesabu zikidondoka. Alichota upande wa kulia wa ganda, akatema mbali, akarudi. Akashika ukingo kwa meno, akavuta, ganda halikusogea. Akachota tena. Huyu alizaliwa kwenye chumba cha mbele hapa Dodoma, hajawahi kuona ziwa, na wazazi wake wako kwenye tangi jingine asilolitazama. Saa mbili usiku ganda liliinama. Akapiga mbizi kichwa chini, akatikisa mwili, mchanga ukaruka nyuma yake kwa namna ile ile niliyoiona Aprili.

Binti yangu amelala kwenye kiti. Ganda limezama nusu. Nimeacha taa ndogo ya ukutani ikiwaka ili amalize, na kesho nitampigia mjomba aniokotee maganda mengine kumi.